Kindu haihitaji ndege ili kucheza na Kisangani

Michezo ya akili ikitajwa mjini Kindu, jibu huwa ni lilelile: hayo ni mambo ya Kinshasa na Lubumbashi, ya watu wenye ndege na intaneti yenye kasi. Ukiangalia ramani, jibu hilo linaonekana kuwa na haki. Kijana wa komini ya Kasuku au Mikelenge anayejua vizuri esheki, mchezo ambao Waswahili wa pwani wanauita sataranji, atapambana na nani? Tiketi ya ndege hailipiki kwa mshahara wa mwalimu. Treni ya kwenda Lubumbashi kwa njia ya Kibombo na Kongolo haina saa ya kuaminika. Na kwenda Kisangani ni kushuka Lualaba kwa boti mpaka Ubundu, halafu kushuka tena na mizigo, kwa sababu maporomoko ya maji hayaachi boti ipite, na kutoka hapo zimebaki kilomita 125 za reli au za njia ya matope.

Lakini ramani hiyohiyo ndiyo sababu ya Kindu kuanza kucheza, bila kungoja barabara. Kuna namna ya kucheza iliyobuniwa kwa ajili ya watu walio mbali: kila mmoja anaweka ubao wake mbele yake, anafikiri, anaandika hatua moja, anaituma, halafu anaendelea na kazi zake mpaka jibu lirudi. Zamani ilikuwa kwa barua za posta, siku hizi ni kwa barua pepe au ujumbe wa telefone. Hakuna anayelazimika kuwa hewani wakati mmoja na mwenzake.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1824 klabu ya Edinburgh, kule Scotland, ilianza kucheza esheki na klabu ya London kwa barua. Walimaliza mwaka 1828, na Edinburgh ikashinda. Miaka minne! Anayelalamika kwamba mtandao wa Kindu unakatika siku tatu na akumbuke hao. Tangu 1951 kuna shirikisho la kimataifa la esheki kwa barua, ICCF, lenye mabingwa wake wa dunia, na kwa miaka mingi kipimo chake cha kawaida kilikuwa hatua 10 kwa siku 50. Mtu anaweza kukaa wiki nzima bila umeme wala mtandao, akarudi, na bado hajapoteza mchezo.

Hapo ndipo namna hii inapoifaa Kindu kuliko michezo ya video inayotazamwa kwa hamu na vijana. Mchezo wa moja kwa moja unataka mega nyingi, umeme usiokatika na mtandao usioyumba. Ukikatika dakika mbili, umeshindwa. Mchezo wa zamu unataka herufi chache tu. Mchezo wa hatua 40 kwa kila upande, kila mmoja akijibu baada ya siku moja, unachukua kama siku 80, na katika siku hizo zote mchezaji ametuma ujumbe mfupi 40. Hata telefone ya vibonye inatosha. Ubao unaweza kuchorwa kwenye katoni.

Kuna tatizo dogo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wameanza kugombana. Mwanafunzi wa Kindu amejifunza esheki kwa Kifaransa, kwa hiyo anaandika R akimaanisha mfalme, yaani Roi. Mwenzake wa Nairobi au Kampala amejifunza kwa Kiingereza, na kwake R ni ngome. Mmoja anasogeza mfalme, mwingine anaona ngome imeruka. ICCF walilitatua zamani kwa namba tupu: kila kiwanja kina tarakimu mbili, kuanzia 11 mpaka 88, na hatua inaandikwa kwa tarakimu nne, kiwanja cha kutoka na kiwanja cha kwenda. Kusogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili ni 5254. Mrusi, Mmaniema na Mreno wanasoma kitu kimoja.

Dame nayo iko tayari kwa kazi hii, pengine kuliko esheki. Dame la viwanja 100, linalochezwa katika nchi nyingi zinazosema Kifaransa, lina viwanja 50 vya kuchezea vyenye namba 1 mpaka 50, na kila upande una kete 20. "32-28", basi, hatua imekwisha. Wale wazee na motari wanaocheza kwa vifuniko vya chupa chini ya mti wana ujuzi ambao haujawahi kuandikwa popote, wala kupimwa na mtu wa mji mwingine. Baba Sy wa Senegal alitoka katika desturi hiyohiyo ya Afrika, akafika kutambuliwa kuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1963, ingawa shirikisho lilimpa heshima hiyo mwaka 1986, akiwa ameshafariki.

Wapo watakaosema kwamba michezo ya ubao ni ya wavivu, au ni ya Wazungu. Hao waulizwe habari za Wakuba wa Kasai. Sanamu ya mbao ya mfalme wao Shyaam, aliyetawala katika karne ya 17, iko leo British Museum mjini London, na mbele ya mfalme kimechongwa ubao wa mashimo wa kuchezea kete, mchezo wa jamii moja na kisolo ya Waluba na bao la Zanzibar. Kati ya vitu vyote ambavyo mfalme angeweza kuwekewa mbele yake, alama yake ni ubao wa mchezo. Kisolo pia inaweza kuchezwa kwa ujumbe: shimo lina namba, unaituma namba, mwenzako anagawa kete kwenye ubao wake.

Uvivu wa kweli uko kwingine, kwenye vijumba vya pari. Vijana wanakaa mchana kutwa wakibashiri mechi za timu za Ulaya, na franka iliyokuwa ya chakula au ya masomo inaishia kwenye karatasi iliyokunjwa. Pari inamwambia kijana kwamba kesho yake iko mikononi mwa mshambuliaji asiyemjua. Mchezo wa zamu hauli pesa. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni ya bure kabisa, haina matangazo, na mchezaji anaweza kuchagua siku 1 mpaka 14 za kufikiri kwa kila hatua. Wazazi wanaolia kuhusu pari wangefanya vizuri kuuliza kama shule ya mtoto wao ina hata ubao mmoja.

Kwa walimu wa historia na jiografia kuna mchezo mwingine unaostahili kujaribiwa: Diplomacy, uliotolewa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1959. Wachezaji ni saba, kila mmoja akishika dola moja ya Ulaya ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna dadu wala bahati. Watu wanaandikiana, wanaahidiana, wanapanga, halafu kila mmoja anatuma amri zake kwa siri kwa mwamuzi mmoja, ambaye anazifungua zote pamoja. Tangu 1963 mchezo huu umekuwa ukichezwa kwa posta, baadaye kwa barua pepe. Anayekaa jimboni Maniema na kusikiliza habari za mapatano na mikutano ya amani isiyoisha atauelewa haraka kuliko mtoto wa Geneva. Nani ameahidi nini, na amri yake iliyoandikwa inasema nini? Madarasa saba ya shule saba yanaweza kuucheza muhula mzima kwa ramani moja ya karatasi kwa kila darasa.

Bila shaka kuna udanganyifu. Programu ya bure ndani ya telefone leo inamshinda bingwa wa dunia wa esheki, na mtu aliye mbali haonekani anachofanya. ICCF wameamua kuruhusu kompyuta, na matokeo yake ni kwamba katika mashindano yao makubwa karibu michezo yote inaisha sare. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye mashine kali, haiwafai wanafunzi wa Kindu. Kwa wanaojifunza, kanuni inapaswa kuwa kukataza, na kuchezesha watu wanaojuana kwa majina na kwa shule zao. Mtoto aliyeshinda kwa mashine atajulikana siku atakapokaa mbele ya ubao na mwalimu akamwuliza kwa nini alisogeza farasi pale.

Hatari kubwa zaidi iko mahali pengine, na si ya kucheka. Katika Vita Kuu ya Pili wakaguzi wa barua wa Uingereza na Marekani walizuia michezo ya esheki kwa posta kwenda nchi za nje, kwa hofu kwamba namba zile ni lugha ya majasusi. Sasa Goma imeshikwa na M23 tangu Januari 2025, na Bukavu tangu Februari mwaka huohuo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Wanafunzi wa Maniema waliosomea huko wametengana na wenzao, marafiki wamebaki kila mmoja upande wake wa mstari wa vita. Watu hao ndio wangefaidika zaidi na mchezo unaovuka pale ambapo miguu haivuki. Na ndio wanaoweza kusimamishwa kwenye kizuizi, telefone ikafunguliwa, na askari akakuta "5254", "4746", "7163" kutoka kwa namba ya upande wa pili. Nani atamweleza askari huyo kanuni za ICCF?

Kwa hiyo anayecheza na mtu aliye upande ule aache namba, hata kama ndizo fupi. Aandike kwa maneno, kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Nimesogeza farasi wangu wa kulia mbele ya askari, zamu yako." Ujumbe utakuwa mrefu kidogo, lakini utasomwa na yeyote bila kutia shaka. Na anayesafiri kupitia vizuizi ni afadhali asimamishe mchezo kabla ya kuondoka. Siku za kungoja zipo kwa kazi hiyo.

Kuanza hakutaki mradi wala mfadhili. Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi, Kisangani ina chuo kikuu chake, na kati yao kuna mto mmoja. Timu ya watu watano kila upande, mbao tano, mwalimu mmoja mwenye telefone na daftari la kuandika kila hatua na tarehe yake, hatua 10 kwa siku 50. Alunguli, iliyo ng'ambo ya mto, inafaa kuwa jaribio la kwanza kabla ya Kisangani: shule moja ya Alunguli dhidi ya shule moja ya Kasuku, na mvua ikizuia mtumbwi, hatua inavuka kwa ujumbe. Daftari hilo lihifadhiwe shuleni. Likijaa, litakuwa kitabu cha kwanza cha michezo iliyochezwa na watu wa Kindu, na wanafunzi wa mwaka unaofuata watakuwa na cha kusomea.