Vita Vyetu, Vitabu vya Wengine

Mwanafunzi mmoja wa hapa Dandora aliniuliza: “Mwalimu, nitapata wapi kitabu kizuri kuhusu Operesheni Anvil?” Nilimtajia viwili vya 2005, cha David Anderson na cha Caroline Elkins. “Vya Kiswahili je?” Nikanyamaza.

Tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Jenerali Erskine yaliizingira Nairobi, yakawasomba maelfu kutoka mitaa ya Eastlands hadi Langata, Mackinnon Road na Manyani. Waliowatambulisha, nyuso zimefichwa kwa magunia, walikuwa Waafrika wenzao. Vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu. Ndiyo maana vinatuuma kuvisimulia.

Walimu wenzangu, watumeni wanafunzi kwa wazee, wayaandike, kabla kaburi halijayameza.