Mbuyu Haukulilii

Nimechoka na mibuyu inayolia. Kila diwani ninayofungua siku hizi, hakosi mti unaotukumbuka: mbuyu unamlilia babu aliyeketi chini yake, mto unaita majina ya waliozama, bahari inasamehe. Samahani, ndugu zangu, huo ni uongo mtamu. Na mimi nimo. Niliwahi kuandika shairi la mwembe unaomlilia bibi yangu, watu wakapiga makofi. Mwembe wenyewe ulikuwa umeshakuwa mkaa zamani, na waliouchoma ni sisi wajukuu.

Mnataka kujua dunia inavyokumbuka? Tazameni Laetoli, kule Ngorongoro. Yapata miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, wakapita viumbe wa ukoo wetu wakitembea kwa miguu miwili. Majivu yakaganda kama saruji, yakafunikwa na mengine. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikazifukua nyayo hizo. Sasa sikilizeni: majivu yaleyale yamehifadhi pia nyayo za sungura, kanga na twiga, hata vishimo vya matone ya mvua. Hayakuchagua. Hayakuandika jina wala huzuni ya mtu. Yameweka uzito tu: nani alikanyaga wapi, akaelekea upande gani.

Mimi nasema hiyo ni kali kuliko tungo zetu nyingi, kwa sababu haitubembelezi.

Mtaniambia tashihisi ni haki ya mshairi. Sawa, mti na useme. Lakini tukishaupa kinywa, mbona tunaulisha maneno yetu wenyewe? Mti usiotujali tunauogopa. Mti unaotulilia tunaupenda, maana umetusamehe hata kabla hatujaomba radhi. Tunatoka hapo tumejifuta machozi, jioni tunanunua gunia jingine.

Lile shairi langu nimeliandika upya. Bibi hayumo tena. Kuna kisiki, kuna siafu, kuna mchirizi wa magurudumu ya baiskeli kwenye tope, umezama sana kwa uzito wa magunia. Nililisoma nyumbani, mbele ya watu walewale. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza:

“Hiyo baiskeli, si ile yangu?”