Msitu wa Umma, Kuni za Nani?



Mwezi uliopita, nilipokuwa kusini ya Unguja nikikusanya madeni ya duka langu, niliona jambo ambalo hadi leo linaninyima raha. Bi kizee mmoja, tita la kuni kavu kichwani na kata chakavu chini yake, alisimamishwa kizuizini akatakiwa kibali. Kibali hakuwa nacho. Tita likateremshwa, likafunguliwa, likahesabiwa ukuni kwa ukuni kana kwamba ni mali ya wizi, naye akaambiwa aende zake mikono mitupu. Haikupita saa moja likaja lori limesheheni mapolo ya makaa. Dereva akatoa karatasi dirishani. Karatasi ikatazamwa, ikarejeshwa, mti wa kizuizi ukainuliwa, lori likashika njia ya mjini.

Nilimfuata yule mzee nikamuuliza: "Bibi, mbona hukwenda kuchukua kibali, na eneo la kukatia limetengwa nyuma ya kijiji chenu?" Akanijibu: "Mwanangu, nauli ya kwenda ofisini na kurudi ni thamani ya kuni za wiki nzima. Nikishatoa nauli, hizo kuni nitapikia nini?"

Sikuandika haya ili kumlaumu askari yule. Yeye alitenda alilofundishwa: mwenye karatasi apite, asiye nayo azuiwe. Ninayemuuliza ni yule aliyemfundisha.

Wala asije mtu akanifahamu vibaya. Mimi si miongoni mwa wasemao kwamba msitu ni shamba lisilo mwenyewe, kila mtu aingie na shoka lake. Ngezi ya Pemba ilifanywa msitu wa hifadhi mwaka 1959, na Jozani mwaka 1960, zama za Mwingereza. Kisha Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ikafungua mlango mpya: vijiji vikapewa njia ya kufunga mkataba na serikali na kuusimamia wenyewe msitu ulio jirani yao. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa, makao ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Mwaka 2010 ukaanza mradi ulioitwa HIMA, kwa fedha za Norway, na mikataba ya vijiji ikazidi. Katika mikataba hiyo msitu hugawiwa: hapa pasiguswe, na hapa watu wapate kuni zao kwa utaratibu.

Utaratibu huo ni wa busara, na mwenye kuupinga hayajui maweni. Ardhi ile ni jiwe lenye udongo haba. Mti uliokatwa vyema juu ya ardhi huchipua kisikini, na mahali palipopumzishwa hurudi kuwa msitu. Lakini kisiki kikingʼolewa, au tanuri likiwashwa juu ya mizizi, hubaki jiwe tupu. Basi kutenga eneo la kukatia si dhulma. Dhulma ni kumtenga mwenye haki ya kukata.

Sisi wenye maduka tumezoea hesabu, basi tuhesabu. Tanuri la udongo hula yapata kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya makaa. Tuseme polo moja lina kilo 40: limekwisha kumeza kilo 200 za kuni kwa uchache, na huenda 400. Tuseme tita la bi kizee lina kilo 20. Polo moja, basi, ni matita 10 hadi 20, na lori la mapolo 50 ni matita 500 hadi 1,000. Kikongwe aendaye kuni mara mbili kwa wiki huleta nyumbani matita kama 100 kwa mwaka. Lori lililopita mbele ya macho yangu lilibeba kuni zake za miaka 5, na huenda za miaka 10; na aliyezuiwa ni yeye!

Neno hima si geni kwetu tuliokaa chuoni. Kwa Kiarabu ni ardhi iliyohifadhiwa kwa maslaha ya umma. Sayyidna Umar bin Khattab alipomweka mtu aitwaye Hunayy kuisimamia hima ya dola, alimwamuru awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amwingize mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao wawili walikuwa masahaba watukufu, lakini walikuwa matajiri: mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Mnyonge mifugo yake ikifa, atakuja mlangoni kwa Khalifa na watoto wake mkononi. Angalieni, ndugu zangu: lango lilikuwa moja, ila mdogo akafunguliwa na mkubwa akaangaliwa. Kwetu leo lango limegeuzwa.

Watasema wakubwa: "Matita madogo yakijumlishwa nayo humaliza msitu." Ni kweli, na ndiyo maana tunalitaka eneo lililotengwa na zamu ya kulipumzisha. Lakini asiyeweza kulihesabu lori asijisifu kwa kuhesabu kuni za ajuza.

Tunayoyadai ni haya. Kwanza, tita la kichwani kwa jiko la nyumbani, likitoka katika eneo lililotengwa, lisidaiwe kibali cha ofisini. Orodha ya kamati ya kijiji itoshe. Pili, shehena ya gari ihesabiwe polo kwa polo, ijulikane imetoka msitu gani, na ushuru wake ukifikie kijiji kilichotoa miti. Tatu, mipaka ya eneo na zamu zake isomwe hadharani, barazani na baada ya sala, mtu asipotezwe kwa ramani asiyoiona. Nne, sehemu ya ushuru huo ipande mivinje na miti mingine ya kuni karibu na vijiji.

Na sisi wenyewe tujisute. Wamo katika wasemaji wetu wapandao jukwaani wakaahidi kwamba siku tukishika hukumu misitu yote itafunguliwa. Hiyo ni ghilba, na ghilba haigeuki kuwa haki kwa kusemwa na mwenzetu. Wamo pia wafanyabiashara wa chama hiki, nami wa mwanzo wao, tupimao makaa kwa kopo kila siku tusiulize yametoka tanuri gani. Tangu siku ile nimeanza kuuliza. Mpelekaji mmoja alikosa jibu, nikamrejeshea mapolo yake. Faida imepungua, usingizi umerudi.

Kila tawi na likae wiki hii liyajadili madai haya manne, na lipeleke barua kwa sheha wake, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakuambiwa.

Wabillahi taufiq.

Muuza Makaa