KIINGEREZA CHA KUCHEKA WAZEE



Tangu tulijifunza misemo ya Kiingereza juu ya uzee na kifo, makelele hayaishi pale langoni. Mzee wetu wa zamu akipita, wengine wanalalamika: “Over the hill!” Maana yake, amekwisha kupita kilele cha mlima, sasa anashuka tu. Wengine wanasema “long in the tooth”, ndiyo kusema yeye ni wa meno marefu. Msemo huu ni wa farasi: akizeeka, ufizi unarudi nyuma na meno yanaonekana marefu. Basi mzee wa watu anapimwa kama nyama ya sokoni! Yeye hajui Kiingereza, lakini kicheko anakisikia vizuri.

Tazameni tena “kick the bucket”, kupiga ndoo teke, ndiyo kusema kufa. Francis Grose, Mwingereza, aliuandika katika mwaka 1785, katika kamusi yake ya maneno ya ovyo. Mpaka leo ni neno la mchezo. Mtu aliye na kilio haambiwi hivyo. Anaambiwa “pass away”, ni kusema kupita. Hata Wafaransa wako na msemo wa kuvunja kiko, lakini nani atauandika katika barua ya pole? Na kwetu vilevile: mbuzi anakufa, lakini baba ya mtu anafariki, ao Mungu amemwita.

Kuna watakaosema: “Prefe, hii ni somo tu, tunatafuta pointi.” Hapana. Someni Yoane 11. Yesu alisema Lazaro amelala, na wanafunzi wake walifikiri ni usingizi wa kweli, mpaka aliwaambia wazi kwamba amekufa. Kama wale waliotembea naye hawakushika, sisi tutashika namna gani kwa kukariri tu?

Kwa hiyo ninaomba waalimu wetu wa Kiingereza: kila msemo mnaoandika ubaoni, mwandike pembeni unasemwa kwa nani, na wapi haufai. Na sisi wanafunzi, Walawi 19:32 inatuamuru kusimama mbele ya mwenye mvi. Kesho tukifika langoni, tumsalimie mzee kwa Kiswahili, kwa heshima. Hiyo misemo ibaki katika daftari mpaka tujue kazi yake.

Prefe wa wanafunzi, mwaka wa sita