Rugera: Tamathali za semi wanazo mdomoni, mbona Kiingereza kinawakwamisha?

Mtoto wa Rugera, kwenye ukanda wa Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, mara nyingi anaanza maisha na Kinyambo nyumbani. Akifika shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, jiografia na fizikia zinageuka Kiingereza.

Kwenye kipindi cha Kiingereza chenyewe, maswali mawili huwatoa wengi jasho: taja tamathali ya semi iliyotumika kwenye shairi, halafu sahihisha sentensi yenye kosa la sarufi.

Shida iko wapi hasa?

Tamathali si ngeni

Mwanafunzi huyu hutumia tamathali kila siku bila kujua jina lake. Akisema "njaa inaniuma", ni tashihisi. Akisema "nimekuita mara elfu", ni mubalagha. Akimwita mchezaji wa timu yake "simba", ni sitiari, na hakuna anayekimbia akidhani mnyama kaingia uwanjani.

Kwenye somo la Kiswahili anafundishwa hata majina ya vitu hivyo. Lakini kwenye Kiingereza huanza upya: orodha ya majina, maana ya kila moja, kazi ni kukariri. Siku ya mtihani anaweza kuandika maana ya "metaphor" bila kukosea nukta, ila akipewa shairi asilolijua haioni hata moja.

Sababu ni rahisi. Ili ujue neno limepindishwa, lazima kwanza ujue maana yake ya kawaida. Asiyejua kwamba "lion" ni mnyama hawezi kushtuka mtu anapoitwa hivyo. Kinachopungua hapo ni msamiati. Akili ya kuelewa fasihi anayo.

Makosa yana sababu

Kwenye sarufi ni hivyohivyo. Mwanafunzi anaandika "my mother he is sick". Wengine watacheka, lakini Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mama na baba, na Kinyambo nacho hakitenganishi. Pia kwenye "mama anaumwa", ile "a-" tayari inamtaja mama. Ndiyo maana mtoto anaongeza "he" baada ya "mother": anahamisha utaratibu anaoujua.

Akiandika "I have fifteen years", ametafsiri "nina miaka 15". Akiandika "I hear hungry", ametafsiri "nasikia njaa".

Mwalimu akiweka alama ya kosa na kupita, mtoto hajui amekosea wapi. Akimwonyesha lugha hizi mbili zinapoachana, kosa moja linageuka kuwa somo. Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka muda, na darasa likijaa muda haupo.

Mjadala wa miaka 40

Hili si jambo jipya. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kufuatilia masomo. Pamoja na hayo, Kiingereza kilibaki, na bado kipo kwenye Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023.

Kilichobadilika ni hiki: mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelishusha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba.

Kipimo ni 2028

Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Maana yake ni kwamba Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Wale wa darasa la sita walianza shule 2022, kabla Kiingereza hakijashushwa darasa la kwanza, na watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa maandalizi.

Kwa shule za vijijini kama Rugera, hapo ndipo penye kazi. Madarasa na madawati vitajengwa, vinaonekana kwa macho. Vitabu vya hadithi rahisi vya Kiingereza, vya kusomwa tu bila mtihani, havisikiki sana kwenye mijadala. Na hivyo ndivyo vinavyompa mtoto maneno ya kuitambua sitiari, na sikio la kugundua kwamba "my mother he" haijakaa sawa.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji bajeti: mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wakae meza moja. Tashibiha iliyofundishwa Jumatatu kwa Kiswahili ifundishwe Jumanne kwa Kiingereza, kwa mifano ya migomba na kahawa ambayo mtoto anaiona kila siku. Vinginevyo, kundi la 2028 litakariri orodha ileile na kukwama palepale.