Mteremko Si Hesabu ya Mtihani Tu

Hapa Songea, kama kwingine nchini, wengi wanaamini kuwa kutafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta mbili ni fomula ya kukariri kabla ya mtihani wa kidato cha nne na kuisahau baada yake. Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu. Fomula inauliza jambo moja: ukienda mbele kiasi hiki, umepanda au umeshuka kiasi gani? Kutoka (2, 3) hadi (6, 11) umeenda 4 na kupanda 8. Mteremko ni 2. Anayelielewa swali hasumbuliwi na nukta ipi itangulie, kwani -8 kugawa kwa -4 nako ni 2. Aliyekariri ndiye huanzia nukta moja juu ya sehemu na nyingine chini yake, akapata -2, na mstari unaopanda ukageuka unaoshuka bila yeye kushtuka.

Tutaambiwa kwamba mkulima wa Mbinga hajawahi kuhitaji fomula. Ni kweli Wamatengo wa huko wamelima ngoro kwenye miinuko mikali kwa zaidi ya karne moja: hulaza nyasi kwa mistari inayokatana, huzifunika udongo, na mashimo yanayobaki katikati hushika maji ya mvua yasichukue rutuba. Lakini jicho linaloupima mwinuko huo hulinganisha kimo na umbali, hesabu ileile. Hoja hiyo haiishushi fomula hata kidogo. Inashtaki ufundishaji unaoifungia ubaoni ilhali milima ya Matogoro iko jirani. Mwanafunzi apewe vigingi viwili na mpira wa maji, kama ule wa fundi anayesawazisha msingi. Kimo kikitofautiana mita 1.5 kwa umbali wa usawa wa mita 3, mteremko ni 0.5. Akilaza futi kamba juu ya ardhi yenyewe, atasoma karibu mita 3.35 na kupata takribani 0.45. Kosa hilo ubao haumwonyeshi kamwe.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba kilima hakijanyooka. Ukigawanya mshuko wote wa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay kwa urefu wake wote, utapata mteremko mpole ambao dereva wa lori hataukubali. Sawa, lakini dawa ni kusogeza nukta zikaribiane na kupima upya kona kwa kona. Bei ya mahindi hudai vivyo hivyo: nukta ya mavuno na ya Januari hutoa wastani wa ongezeko kwa mwezi, ila anayetaka kuuza Oktoba anahitaji bei ya Septemba na ya Oktoba yenyewe.