Kiraka cha bure hakijishoni chenyewe

Zipo ofisi nyingi za umma, vyuo, hospitali na kampuni ndogo katika ukanda wetu ambazo zimeacha kununua mifumo endeshi ya kompyuta kwa fedha nyingi na badala yake zimechukua mifumo huria, yaani ile ambayo programu yake iko wazi kwa kila mtu kuisoma, kuinakili na kuirekebisha bila kulipa ada. Huo ni uamuzi mzuri na mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono. Lakini kuna jambo moja ambalo halitajwi siku ya uzinduzi, wakati wakubwa wanapokata utepe na kupigwa picha mbele ya mitambo mipya. Jambo hilo ni viraka.

Kiraka ni kipande kidogo cha programu kinachotolewa ili kuziba tundu lililogundulika baada ya mfumo kuanza kutumika. Hakuna mfumo usiokuwa na matundu, uwe wa bure au wa kulipia. Kiini cha Linux peke yake kina mistari zaidi ya milioni 30 iliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Swali la maana kwa hiyo si kama mfumo una matundu. Swali ni nani anayatafuta, nani anayaziba, na baada ya kiraka kutolewa, nani katika ofisi yetu anakishona.

Natoa mfano wa mfumo mmoja ambao watu wa kawaida hawausikii sana, ingawa mafundi wa mitandao wanaufahamu vizuri. Mfumo huo ni OpenBSD, ulioanzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt katika mji wa Calgary nchini Canada. Wanaoutunza ni kundi dogo la watu, wengi wao wakiwa ni wa kujitolea. Hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kwa matoleo mawili ya mwisho huchapisha orodha ya makosa yaliyogunduliwa pamoja na viraka vyake. Kila kiraka kina namba, tarehe na maelezo mafupi. Tangu mwaka 2014 viraka hivyo hutolewa vikiwa na muhuri wa kielektroniki ili mtumiaji ahakikishe kwamba havikuchezewa njiani, na tangu mwaka 2017 fundi anaweza kuvishona kwa amri moja tu.

Kinachonivutia zaidi katika orodha hiyo ni kwamba viraka vimegawanywa katika mafungu mawili: viraka vya usalama na viraka vya uthabiti. Cha usalama huziba tundu ambalo mwizi anaweza kupitia. Cha uthabiti huondoa kosa linaloweza kuufanya mtambo ukwame, uzime au upoteze kumbukumbu, hata kama hakuna mwizi yeyote. Yote mawili huorodheshwa pamoja, kwa namba zinazofuatana. Nadhani sisi tunalielewa fungu la kwanza tu, tena kwa nadra, baada ya kusikia kwamba mahali fulani wadukuzi wameiba.

Tuangalie fungu la pili. Usiku wa kuamkia Julai 1, 2012, ilipokaribia saa tisa kwa saa za Afrika Mashariki, sekunde moja iliongezwa katika saa rasmi za dunia ili ziende sambamba na mzunguko wa dunia yenyewe. Kosa dogo katika kiini cha Linux lilizifanya seva nyingi zishindwe kuimeza sekunde hiyo. Zilianza kufanya kazi kwa nguvu zote bila kuzalisha chochote, kama gari lililokwama kwenye tope huku magurudumu yanazunguka. Tovuti kubwa zilisimama, na abiria wa shirika la ndege la Qantas la Australia walicheleweshwa viwanjani. Hakukuwa na mwizi wala virusi. Dawa kwa wengi ilikuwa kuirekebisha saa ya mtambo au kuuwasha upya.

Msomaji atasema hayo ni ya Australia. Lakini nani kati yetu hajawahi kufika dirishani baada ya kupanga foleni tangu asubuhi, akaambiwa "mtandao uko chini, rudi kesho"? Mimi nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na nimewaona wazee waliotumia nauli yao ya mwisho wakigeuka na kuondoka kimya. Kwa mzee huyo hakuna tofauti kati ya seva iliyovamiwa na seva iliyokwama. Huduma imekosekana na fedha yake imepotea barabarani. Ndiyo maana nasema uthabiti ni haki ya mwananchi kama ulivyo usalama.

Isitoshe, mambo haya mawili hayako mbalimbali kama tunavyodhani. Machi 2024 mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund aligundua kuwa kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kwa njia ya mtandao kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengine wangepuuza. Yeye alifuatilia chanzo, akakuta kwamba katika matoleo mapya ya xz, programu huria ndogo ya kubana mafaili, mtu alikuwa amepandikiza mlango wa siri. Mtu huyo alikuwa amejipenyeza kwa kujitolea kumsaidia mtunzaji aliyekuwa amezidiwa na kazi, hadi akaaminiwa. Uovu huo uligunduliwa kabla haujafika katika matoleo yanayotumiwa na watu wengi. Ulianza kuonekana kama kasoro ya uthabiti, yaani uzito kidogo wa mtambo, na mwisho wake ukawa ni jaribio la wizi wa dunia nzima.

Wapo wanaouliza: kama mifumo hii ni mizuri, mbona kila siku tunasikia ina matundu? Jibu langu ni kwamba tunasikia kwa sababu wenyewe wanasema. Watu wa OpenBSD walikuwa wakijivunia hadharani miaka mingi bila tundu hata moja la kuingilia kutoka mbali katika mfumo wao unapowekwa bila kubadilishwa chochote. Mwaka 2002 lilipopatikana moja, walibadilisha maneno ya tangazo lao. Mwaka 2007 lilipopatikana la pili, walibadilisha tena. Duka linalobandika orodha ya bidhaa zake mbovu ukutani si lazima liwe baya kuliko lile ambalo ukuta wake ni mweupe.

Hata hivyo uwazi huo una upande wa pili, na hapa ndipo penye hatari kwetu. Kiraka kikichapishwa, anayekisoma si fundi peke yake. Mwizi naye anakisoma, na kwa kuangalia kilichozibwa anajua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia saa hiyo ni mashindano ya mbio. Aprili 7, 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya siri ya tovuti nyingi, ilikuwa na tundu lililopewa jina la Heartbleed, lililokuwamo tangu mwaka 2012. Kiraka kilitolewa siku hiyo hiyo. Mamlaka ya kodi ya Canada ilifunga huduma zake za mtandaoni ili kujikinga, lakini kabla haijafunga mtu alikuwa amekwisha kupenya na, ndani ya saa sita, kuchukua namba za hifadhi ya jamii za walipa kodi wapatao 900. Hiyo ni Canada, yenye wataalamu na fedha. Ofisi ambayo haijashona kiraka kwa miezi minane itasema nini?

Tena kiraka kikishashonwa hakiachwi bila kuangaliwa. Julai 2024 lilitangazwa tundu katika OpenSSH, programu inayotunzwa na watu wale wale wa OpenBSD na ambayo mafundi karibu dunia nzima huitumia kuingia kwenye seva zao kutoka mbali. Tundu hilo lilikuwa limezibwa mwaka 2006, likarudi kimyakimya katika toleo la mwaka 2021. Seva za Linux zililazimika kushonwa tena. OpenBSD yenyewe haikuathirika, kwa kuwa tangu mwaka 2001 ilikuwa imejenga kinga ya ziada mahali hapo.

Sasa turudi nyumbani. Utamaduni wetu wa kutoshona viraka una historia. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea satelaiti, ilikuwa ghali na ya polepole. Mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa ukitumwa bure kwa posta ukiwa kwenye sidii hadi mwaka 2011. Sidii ilipokelewa kwa furaha, ikapita kutoka shule hadi shule, na mfumo ukawekwa ulivyo. Kupakua viraka kila wiki ilikuwa anasa. Sababu hiyo leo haina nguvu tena, lakini mazoea yamebaki.

Wala hatuwezi kusema hatuna watu. Kikundi cha mafundi wa mitandao barani Afrika, AfNOG, kilifanya mikutano na mafunzo Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, ambako vijana wetu walifundishwa kuendesha seva kwa mifumo huria. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni agizo. Fundi katika ofisi nyingi ndiye huyo huyo anayebadilisha wino wa printa, anayefunga projekta kwenye semina na anayeitwa simu ya bosi ikikataa kuwaka. Hakuna karatasi yoyote inayosema kwamba viraka ni kazi yake. Akizima seva kwa dakika kumi ili kushona, analaumiwa. Asiposhona, hakuna anayejua, hadi siku ya balaa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila taasisi inayotunza kumbukumbu za wananchi imtaje kwa maandishi mtu mmoja, na msaidizi wake, kuwa ndiye mwenye wajibu wa viraka, na muda wa kazi hiyo uhesabiwe. Pili, iwekwe siku maalumu ya kila mwezi ya kushona viraka vya kawaida, wananchi watangaziwe mapema, na viraka vya hatari visingojee siku hiyo bali vishonwe ndani ya siku moja au mbili. Nakala ya kumbukumbu itangulie, na kiraka kijaribiwe kwanza kwenye mtambo wa akiba. Kiraka kinachogusa kiini kwa kawaida hakifanyi kazi mpaka mtambo uwashwe upya. Wapo wanaoweka kiraka, wakaacha mtambo ukiendelea na kiini cha zamani kwa mwaka mzima, kisha wakaamini wako salama.

Tatu, matoleo yaliyokwisha muda wake yaondolewe. Toleo la OpenBSD hupewa viraka kwa takriban mwaka mmoja, na matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu hupewa viraka bila malipo kwa miaka mitano. Baada ya hapo mtambo utaendelea kuwaka na kuonekana mzima, lakini umebaki yatima. Nne, wakaguzi wa hesabu waanze kuuliza. Gari la ofisi hukaguliwa lilipelekwa gereji lini na lilibadilishwa oili lini. Seva yenye majina, madeni na magonjwa ya watu haiulizwi hata swali moja.

Lipo na deni letu kwa wanaoshona. Mwanzoni mwa mwaka 2014 mradi wa OpenBSD ulilazimika kuomba hadharani msaada wa kulipia umeme wa mitambo yake, kiasi cha dola 20,000 za Marekani kwa mwaka, wakati kampuni tajiri duniani zilikuwa zikitumia kazi yake bila malipo. Sisi si matajiri, lakini taasisi iliyookoa mamilioni kwa kutonunua leseni inaweza kutenga sehemu ndogo ya fedha hizo kuwachangia, au kumruhusu fundi wake aripoti makosa anayoyaona na kusaidia kuyarekebisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili sisi tumepewa udongo bure, tumeelekezwa ufa ulipo, tena kwa tarehe na namba. Mkuu wa taasisi anayesoma maneno haya na amwite fundi wake leo, amuulize ni lini mara ya mwisho seva zao zilishonwa na ni nani aliyezishona. Akijibiwa kwa tarehe na jina, ampongeze. Akijibiwa kwa kimya, ajue kwamba kazi ya kuandika jina hilo ni yake.